Muuguzi Mwenye Mlango Wake Si Adui wa Zahanati

Liko jambo ambalo watu wa mkoa wetu wa Singida wanalizungumza chini kwa chini, nasi twaona wakati umefika lizungumzwe hadharani. Jambo lenyewe ni hili. Muuguzi au mkunga aliyesoma, aliyesajiliwa na mwenye leseni, akistaafu au akikosa ajira, akarudi kwao, akapaka chokaa vyumba viwili, akaweka kitanda, mzani na kipimo cha shinikizo la damu, akafungua mlango na kupokea wagonjwa kwa jina lake mwenyewe, je, tumpokee au tumfukuze?

Wako wanaosema tumfukuze. Wasema ya kuwa huyo ni mlanguzi wa maradhi, na kwamba taifa hili liliyatangaza maradhi kuwa adui pamoja na ujinga na umaskini, halikuyatangaza kuwa bidhaa. Wako na wengine wasemao tumwache kila mtu afungue apendavyo; mwenye fedha atakwenda, na asiyenazo shauri yake. Sisi hatukubaliani na kundi hata moja kati ya haya. Twasema mkunga huyo apokewe, lakini apokewe kwa masharti, na masharti hayo yashikwe na wananchi wenyewe kijijini, yasiachwe yalale katika mafaili ya ofisi.

Tukumbuke kwanza tulikotoka, maana asiyejua alikotoka hawezi kuhukumu aendako. Wakati wa Mwingereza mtu wa kijijini hakumjua daktari. Alimjua dresa, mwenye chupa zake za dawa na bendeji zake. Wamisionari nao walijenga: Walutheri huko Kiomboi na Iambi, Waanglikana Kilimatinde, na masista wa Kikatoliki Makiungu, walikofika mwaka 1954. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, hesabu itajwayo mara nyingi ni kwamba madaktari Waafrika wa Tanganyika nzima walikuwa 12 tu. Watu 12 kwa nchi yenye mamilioni! Basi ni dhahiri kwamba wazee wetu hawakuuguzwa na madaktari. Waliuguzwa na madresa, na wauguzi, na wakunga, na baadaye wasaidizi wa tiba waliofunzwa kwa ajili ya vijiji. Mtu akisema leo kwamba kumwona muuguzi ni kudhalilishwa, huyo hajui historia ya nchi yake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilienezwa vijijini kwa bidii kubwa. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria ya hospitali za binafsi, iliyomkataza mtu kutibu kwa ajili ya faida yake. Zikabaki zile za Serikali na zile za mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini. Shabaha ya sheria ile ilikuwa njema, nayo hatuionei haya hata leo: mtoto wa mkulima asife kwa kuwa baba yake hana shilingi. Lakini fedha za Serikali hazikutosha, dawa zikaadimika, na mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, mlango wa binafsi ukafunguliwa tena. Kuanzia mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama hata katika hospitali za Serikali.

Sasa tuulizane. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1991, ni nani aliyeingia mbele? Aliingia daktari mwenye jina mjini. Aliingia pia mtu mwenye mtaji, awezaye kujenga jengo zuri na kuwaajiri waganga na wauguzi kama aajirivyo makarani wa duka. Hatusemi kwamba watu hao ni wabaya. Wako waliofanya kazi njema. Lakini twaona jambo moja la ajabu. Mtu asiyejua kupima joto la mtoto aweza kumiliki nyumba ya matibabu kwa sababu ana fedha, na hapana amwulizaye neno. Muuguzi aliyefanya kazi miaka 30, akitaka kumiliki chumba kimoja cha kufunga vidonda na kupima wajawazito, ndipo watu wakumbukapo ujamaa! Fedha haiulizwi swali, elimu ndiyo iulizwayo maswali kumi. Je, huko ndiko kujitegemea? Binti wa nchi hii, aliyesomeshwa kwa kodi ya nchi hii, ana haki ya kuitumia elimu yake kwa mikono yake mwenyewe, pasipo kulazimika kuwa kibarua wa tajiri.

Tuje sasa nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 2,008,058 katika mkoa wa Singida, nasi tumetawanyika katika nchi ya kilomita za mraba zipatazo 49,000. Hospitali tunazo, na tunajivunia. Iko hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida, iko Makiungu, iko Kiomboi, iko Iambi, iko ya Mtakatifu Gaspari kule Itigi, na mtu wa mpakani mwa Mkalama aweza hata kuvuka hadi Haydom. Lakini itazameni ramani. Mtu wa Rungwa aishi mbali kusini mwa Itigi, katika njia ya msitu iendayo Mbeya. Mtu wa Munguli, waliko ndugu zetu Wahadzabe, hana lami mlangoni. Na mtu wa kandokando ya bonde la Wembere ajua mwenyewe masika yakija jinsi maji yajaavyo, na pikipiki igeukavyo mzigo wa kubebwa badala ya chombo cha kubeba.

Mtasema zahanati zimejengwa. Ni kweli, nyingi zimejengwa, na mara nyingi kwa mawe na mchanga uliosombwa na wananchi wenyewe. Lakini jengo halitibu. Katika zahanati nyingi za vijijini mtumishi ni mmoja au wawili. Akiitwa semina mjini, akifuata dawa wilayani, akiuguliwa na mtoto wake mwenyewe, mlango wafungwa. Na hata akiwapo, uchungu wa uzazi haungoji saa mbili za asubuhi.

Basi mlango ukifungwa watu huenda wapi? Tusifichane, maana mficha uchi hazai. Huenda dukani, wakapewa vidonge vya rangi mbili kwa kusimulia tu jinsi wajisikiavyo. Humwita mtu wa mkoba, aliyewahi kufagia wodi, naye akajifanya daktari na kuchoma sindano sebuleni. Au hukaa nyumbani na kungoja. Hao ndio wanaomngoja mama wa Singida saa nane za usiku. Kwa hiyo yeyote anayetaka kumhukumu mkunga wa kijijini asimlinganishe na daktari bingwa wa Dodoma. Amlinganishe na yule aliyeko karibu usiku ule. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Na huku mambo yakiwa hivyo, wauguzi wenyewe wako wapi? Vyuo vya uuguzi vimo humu humu mkoani, kama vile Kiomboi na Itigi. Vijana wahitimu, wavaa sare, wala kiapo, wapata usajili, kisha wengine warudi nyumbani kungoja ajira mwaka baada ya mwaka. Upande mmoja zahanati zalia hazina watumishi, upande wa pili mtu aliyefunzwa kumpokea mtoto auza nguo za mtumba mnadani. Hali kadhalika wastaafu. Mkunga aliyezalisha maelfu ya watoto apewa barua ya shukrani, na kesho yake elimu yake yote yawekwa ndani ya sanduku pamoja na sare. Mkulima atunzaye mbegu yake hawezi kukubali upotevu wa namna hii.

Wengine wasema, muuguzi hana elimu ya kukaa peke yake. Twawauliza: ni nani akaaye peke yake leo katika zahanati ambayo tabibu hajapangiwa au hayupo? Si muuguzi huyo huyo? Apima, aandika, atoa dawa, azalisha, ashona, na jioni afunga hesabu. Akifanya hayo katika jengo la Serikali husifiwa kwa moyo wa kujitolea. Akifanya sehemu ndogo ya hayo katika nyumba yake huitwa hatari. Ama kazi hiyo ni salama mikononi mwake au si salama. Kama si salama, basi kwanza waondoeni upweke wale walioko zahanati! Na kama ni salama kwa mipaka, basi mipaka hiyo iandikwe na ijulikane, ndani ya zahanati na nje yake.

Nasi twasema wazi kwamba mipaka ni lazima. Yako mengi ayawezayo vizuri: kupima wajawazito na kuwafuatilia, kufunga na kubadilisha vidonda, kupima shinikizo la damu na sukari kwa wazee, kutoa uzazi wa mpango, kuchanja watoto, kumtembelea mgonjwa aliyetoka hospitali, kumfundisha mama mchanga kunyonyesha, na kumzalisha mama asiye na tatizo. Lakini wataalamu wa dunia wakadiria kwamba katika wajawazito 100, wapatao 15 huweza kupata matatizo makubwa. Mkunga mwenye akili hakai akitumaini kwamba hao 15 hawatafika kwake. Ajiandaa kuwatambua mapema na kuwaondoa upesi. Dawa ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua, ile ya oksitosini, yataka kutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Mwenye nyumba ya uzazi asiye na jokofu la kuaminika, na asiye na njia ya kumfikisha mama hospitalini, huyo bado hajawa tayari, hata kama cheti chake kinang'aa ukutani.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilikuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, hali utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umeonyesha 556. Wakati huo huo, wazazi waliojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Haya ni mafanikio ya wakunga na wauguzi zaidi ya mtu mwingine yeyote. Lakini wale 19 waliobaki nje ni nani? Wengi wao ni watu wa mbali na watu maskini. Ndio hao twataka wapatiwe mlango wa karibu, na ndio hao twakataa wapatiwe mlango mbovu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ndiyo isimamiayo kazi hii, na chini yake lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lenye kusajili, kutoa leseni na kumwadhibu akosaye. Nyumba za uzazi za binafsi zinatambuliwa nchini, na wakunga wenye nyumba hizo, wengi wao wastaafu, wana chama chao kijulikanacho kwa jina la PRINMAT. Kwa hiyo mkunga mwenye mlango wake si jambo la kubuni wala si uasi. Ni jambo lililokwisha kuwapo nchini, ila katika mkoa kama wetu bado latazamwa kwa jicho la pembeni.

Wala si sisi wa kwanza duniani. Jirani zetu wa Uganda, wakunga wao wa binafsi waliunda umoja wao mwaka 1948, miaka 14 kabla ya nchi yao kupata uhuru. Botswana walianza kuwafunza wauguzi wa kutibu familia mwaka 1981, kwa kuwa nchi ilikuwa pana na madaktari wachache. Hata Marekani, nchi ya matajiri, ilijikuta na watoto wa vijijini wasio na daktari. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver wakaanzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumpima na kumtibu mgonjwa mwenyewe. Madaktari wengi walipiga kelele, na hata baadhi ya wauguzi. Bibi Ford aliishi hadi mwaka 2025, akafariki akiwa na umri wa miaka 104, baada ya kuona kazi ile ikienea nchi nzima.

Lakini tusiige tu, tujifunze. Katika Marekani kila jimbo lina sheria yake. Zaidi ya nusu ya majimbo humruhusu muuguzi wa namna hiyo kufanya kazi kwa leseni yake mwenyewe. Mengine humlazimisha awe na mkataba na daktari, na mara nyingi muuguzi humlipa daktari huyo kila mwezi kwa ajili ya mkataba huo, hata kama daktari yuko mbali na hamjui mgonjwa hata mmoja. Sisi tuwe macho na jambo hilo. Tukiweka sharti kwamba chumba cha muuguzi kitundikwe jina la daktari, tutazaa biashara ya kukodisha majina. Daktari atakaa mjini na cheti chake kitaning'inia kijijini. Mgonjwa atadanganyika, muuguzi atanyonywa, na gharama ya jina hilo italipwa na mkulima wa alizeti. Usimamizi wa kweli ni mtu kufika, kufungua daftari na kuuliza maswali. Kazi hiyo ni ya Mganga Mkuu wa Halmashauri na watu wake, nao waifanye kwa miguu yao.

Sasa tuwasikilize wapinzani katika hoja zao zenye uzito, maana hoja nzito haijibiwi kwa kicheko.

Wasema kwanza, wauguzi wa Serikali watafungua milango yao na kuiacha zahanati tupu. Watamwambia mgonjwa asubuhi, hapa dawa hakuna, njoo kwangu jioni. Hofu hii ni ya haki, nasi hatuipuuzi. Kwa hiyo liwe sharti la kwanza: mtu aliye katika ajira ya zahanati asimwelekeze mgonjwa wa zahanati hiyo nyumbani kwake kwa malipo, na dawa ya Serikali ikionekana katika kabati la binafsi iwe ni kesi, si mazungumzo. Wenye milango wawe hasa wastaafu na wale ambao bado hawajapata ajira. Hao hawaibi mtu zahanati, kwa kuwa zahanati haina wao.

Wasema pili, mkunga mwenye tamaa atamkalia mama mwenye matatizo, kwa kuwa akimpeleka hospitali atapoteza malipo. Hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote, na hapa ndipo roho za watu zilipo. Dawa yake si mahubiri. Dawa yake ni kuondoa faida katika ucheleweshaji. Bei ya mkunga iwe moja, ijulikane tangu siku ya kwanza mama apimwapo, na iwe ile ile kama mama amejifungulia kwake au kama amempeleka hospitali kwa wakati. Mkunga alipwe kwa uangalizi wake, asilipwe kwa mtoto kutoka katika chumba chake. Akijua ya kwamba kumpeleka mama Kiomboi au Makiungu hakumpunguzii hata senti, hatakuwa na sababu ya kungoja hadi damu ifike sakafuni. Na namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ule uitwao m-mama, ibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, aione kila aingiaye.

Wasema tatu, maskini je? Hapa twarudi kwenye shabaha ile ya mwaka 1977, ambayo hatukubali izikwe. Sera ya nchi ni kwamba mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ahudumiwe bure katika vituo vya umma. Mlango wa binafsi usiwe njia ya chini chini ya kumnyang'anya haki hiyo. Lakini iko njia ya kuunganisha mambo haya mawili, na njia hiyo nchi yetu inaijua. Halmashauri nyingi zina mikataba ya huduma na hospitali za mashirika ya dini, ili mwananchi atibiwe huko kwa utaratibu wa umma. Kama hospitali kubwa ya misheni yaweza kupewa mkataba, kwa nini nyumba ndogo ya mkunga isiweze kupewa mkataba mdogo, katika kijiji ambacho zahanati iko mbali? Chanjo za watoto ni za Serikali, nazo hutolewa hata katika vituo vya binafsi. Basi mfano uko mbele ya macho yetu. Na kwa kuwa Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, twawauliza wahusika swali moja jepesi: mama wa kijijini atakapokuwa na kadi yake, ataweza kumwonyesha mkunga aliye jirani naye, au kadi hiyo itasomeka tu katika majumba yenye vioo? Kama itasomeka mjini tu, tutakuwa tumemkata mwanakijiji mchango ili kumjengea mtu wa mjini.

Ndugu wananchi, maneno pasipo kazi ni debe tupu. Twatoa kazi kwa kila mmoja.

Wewe mgonjwa, unapoingia kwa muuguzi mwenye mlango wake, usione haya kuuliza. Omba kuona leseni, na utazame kama haijapitwa na tarehe. Tazama kama jina lililoko kwenye leseni ni la huyo huyo anayekushika mkono. Tazama kama bei zimeandikwa ukutani. Uliza: nikizidiwa, utanipeleka wapi, na kwa chombo gani? Mwenye kazi yake ya halali atajibu kwa furaha. Akikasirika, chukua khanga yako uondoke. Na ukipewa dawa, dai iandikwe katika kadi yako, ili tabibu wa zahanati au wa hospitali ajue kesho ulichomeza jana.

Wewe muuguzi, jua ya kwamba mlango wako ni dhamana. Usiitwe daktari ukanyamaza. Mtu akikuita hivyo, msahihishe, kwa maana cheo cha uuguzi kinatosha kuwa na heshima yake. Andika kila mgonjwa katika daftari, peleka taarifa zako wilayani kama zahanati ipelekavyo, na mpelekee mwenzako wa zahanati mgonjwa anayestahili kwenda huko. Usiku usiokuwa na hakika, usijaribu. Mpeleke mgonjwa mbele. Hakuna mkunga aliyewahi kuaibika kwa kumpeleka mama mapema.

Nanyi wenyeviti wa vijiji na madiwani, msingoje mtu wa wizara aje na gari. Mjue kila mtu atibuye katika eneo lenu, mwenye leseni na asiyenayo. Yule wa mkoba asiyesajiliwa mfikisheni panapohusika. Yule mwenye leseni mwiteni katika mkutano wa kijiji, awaeleze watu mbele ya wote anachofanya na asichofanya, na bei zake ni zipi. Kila miezi kadhaa aulizwe hadharani: wamefika wangapi, umewapeleka wangapi hospitali, na walifika salama? Muuguzi ajibuye maswali hayo mbele ya mkutano, na kijiji kimjuacho kwa jina na kwa ukoo, hawezi kugeuka mlanguzi kwa urahisi. Hii ndiyo tofauti kati ya mlango wa binafsi uliomo ndani ya kijiji na duka la mtu asiyeonekana.

Na Halmashauri zetu saba, msimtwishe mwanamke mwenye vyumba viwili mzigo wa ada na ushuru kama kwamba ni hoteli ya ghorofa. Kagueni usafi, maji, jokofu, daftari na leseni. Hayo ndiyo yaokoayo mtu. Kila shilingi ya ziada mtakayomtoza, ataitafuta mfukoni mwa mgonjwa.

Hatusemi kwamba muuguzi mwenye mlango wake atachukua mahali pa zahanati. Asiyeitaka zahanati ya umma hana nafasi katika hoja yetu. Twataka zahanati zijae watumishi, na vijana waliohitimu waajiriwe. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna usiku mwingi, na katika kila usiku kuna mwanamke mahali fulani kati ya Shelui na Rungwa aliyeshika kitanda kwa mikono miwili. Huyo hatatuuliza tulikuwa na siasa gani. Atauliza kama kuna mtu anayejua kazi, na kama anaweza kufika kwake kabla ya alfajiri. Tuhakikishe kwamba jibu ni ndiyo, na kwamba mtu huyo ana leseni, ana jokofu, na ana namba ya gari.